Vuli imeingia: leteni mapishi ya bibi zenu, na kipimo alichopimia

#1 Mjukuu wa Amani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Arusha leo imenyesha tangu saa tisa, mvua ya kwanza ya vuli iliyoshika ardhi sawasawa. Harufu ya vumbi lililolowa ikaingia hadi sebuleni, na mimi harufu hiyo ina mahali pamoja tu pa kunipeleka: jikoni kwa bibi, Amani, juu ya Muheza, Usambara ya Mashariki. Jiko la nje, mafiga matatu, ukungu umeshuka hadi mlangoni, na sisi wajukuu tumebanana kwenye mkeka mmoja tukisubiri chungu cha makande.

Bibi ni mtu wa Pangani. Aliolewa mlimani na Msambaa, akapanda na mbuzi yake ya kukunia nazi. Kwa babu chakula cha mvua kilikuwa makande ya maji na chumvi, mahindi na maharage basi. Bibi alikaa msimu mmoja akiyala hivyo, msimu wa pili akayatia tui. Mama mkwe wake hakusema kitu, ila siku ile aliongeza bakuli. Makande ya nazi ya nyumba yetu yalizaliwa hapo, na kila vuli, siku ya kwanza ya kupanda, ndiyo yanayopikwa.

Sasa shida. Ukimuuliza bibi chumvi kiasi gani, atakwambia "kiasi". Nazi je? "Kiasi." Miaka mingi nilidhani ni jibu la kuniondoa jikoni. Desemba iliyopita nilikwenda na mizani ndogo ya jikoni na kikombe chenye alama, nikamwomba apike kama kawaida, lakini kila kitu kabla hakijaingia chunguni kipite kwangu. Chumvi aliichota kwa kiganja, nikaipokea kwenye karatasi: gramu 22. Nikamwomba achote tena. Gramu 23. Mara ya tatu, 22. Hapo nikaelewa kwamba kiasi cha bibi ni kipimo kamili, ila kimeandikwa mkononi mwake, na siku mkono huo ukilala kipimo kinalala nao.

Kopo lake la maziwa ya unga, lile lililoshika kutu ukingoni, likijaa mahindi yaliyokobolewa linabeba gramu 700. Kata yake ya kifuu inachota mililita 300. Basi haya ndiyo makande yake, sasa yakiwa na namba:

Mahindi yaliyokobolewa kopo moja, yalale majini usiku kucha. Maharage nusu kopo, nayo yalale, kila kimoja na chombo chake. Mahindi huanza peke yake saa nzima na nusu, moto wa wastani, chungu kimefunikwa. Ndipo maharage yanafuata. Maji ya kuongeza yawe ya moto siku zote, bibi hukaa na birika pembeni kwa kazi hiyo. Magadi hatii. Yanalainisha haraka, ni kweli, lakini yanaua vitamini B1 na yanaacha ladha ya sabuni. Vikiiva hadi punje ya mahindi inapasuka ukiibana kwa vidole viwili, anatia kitunguu, nyanya mbili na tui la pili la nazi mbili, kama kata tatu. Linachemka hadi linakaribia kukauka. Tui la kwanza, lile zito, linaingia mwisho kabisa na chumvi. Kuanzia hapo hakuna kufunika na hakuna kuacha mwiko, unakoroga upande mmoja taratibu, ukizembea tui linakatika. Pilipili mbichi moja inalazwa juu nzima, isipasuke. Inatafutwa harufu tu.

Naomba kila mwenye pishi la nyumbani kwao alilete hapa, lakini alilete na kipimo. Chombo gani, kilijaa vipi, mkono wa nani.

Na nina ombi la msaada. Bibi alikuwa akitupikia mkate wa kumimina usiku huohuo wa makande, tukaula asubuhi na chai ya mchaichai. Huo nimepima kila kitu na bado unanikataa. Mchele vikombe viwili, tui zito kikombe kimoja, sukari kikombe pungufu kidogo, hamira kijiko kimoja cha chai, iliki, ute wa mayai mawili. Wangu unatoka mzito kama tofali. Bibi anasema nimetia vyote, sijakosea. Kuna nini?

#2 Ndizi Mshare

Mkuu, umenigusa. Kwetu Kilimanjaro, upande wa Marangu, siku za mvua ni mtori. Mama yangu hapimi kwa kikombe wala kwa kopo, anahesabu chane. Chane moja ya mshare kwa nusu kilo ya nyama yenye mfupa. Mshare uwe mchanga, haujaanza kubadilika rangi. Ukimenya unatumbukiza majini papo hapo, la sivyo unakuwa mweusi na mtori unaharibika sura.

Nyama inachemshwa kwanza mpaka mfupa unaachia. Ndizi zinaiva kwenye supu hiyohiyo, halafu unazisaga kwa mwiko ukutani mwa sufuria. Siku hizi watu wanatia kwenye blenda. Mimi sitii, unakuwa uji wa mtoto. Mtori unatakiwa uwe na vipande vidogo ulimi uvikute.

Mzazi akijifungua msimu wa mvua, nyumba ilikuwa hailali bila sufuria ya mtori motoni. Wanawake wa ukoo walipokezana, leo wewe, kesho mimi. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi kuliko ladha.

#3 Mama Mahamri, Mombasa

Hamjambo nyote. Mleta uzi, kuhusu mkate sina jibu, ngoja wajuzi waje. Mimi naleta cha kwetu Mji wa Kale: mahamri na mbaazi za nazi. Na kabla sijaanza, tafadhalini, mahamri si mandazi ya kawaida. Andazi laweza kuwa la maji na baking pauda. Hamri bila hamira, tui na iliki si hamri, ni kitu kingine, na kina jina lake.

Unga kilo moja. Sukari gramu 200. Hamira kijiko kikubwa kimoja. Iliki ya kutwanga wakati huohuo, kijiko cha chai kilichojaa, ile ya pakiti haina roho. Tui zito vikombe viwili, lakini usimwage lote, unga wa leo si unga wa jana, mwingine wanywa zaidi. Nyanya yangu akikanda alikuwa akisoma nyiradi zake, akimaliza ndipo unga umelainika. Nami nilikaa nikahesabu kwa saa: dakika 15. Uufunike uumuke, ukate vidonge, usukume, ukate pembe nne, na hapa ndipo wengi hukosea: viwache vipumzike tena kabla ya kuvitia mafutani. Mafuta yawe ya moto kisawasawa na uvimwagie kwa upawa juu, ndipo vivimbe tumbo.

Mbaazi kavu zilale majini. Chemsha ziive, kisha kitunguu, pilipili mbichi, manjano kidogo, tui jepesi, halafu zito. Zisiwe kavu, hamri lataka kuchovya.

Kwetu chakula hiki ni cha asubuhi mwaka mzima, lakini asubuhi ya mvua ya vuli kina heshima yake. Madirisha yamefungwa, bahari hairuhusu mtu kutoka, na watoto wote wa nyumba tatu za jirani wamejaa kwako kwa sababu harufu imewaita.

#4 Mtoto wa Ziwani

Bukoba tunakuja na senene, wale panzi wa kuliwa. Vuli kwetu ni Novemba na senene ni Novemba. Jirani zetu Waganda mwezi huo wameuita kabisa Museenene. Nao wana ukoo mzima wa Nsenene ambao kwa mwiko wao hauwali.

Zamani tuliamka alfajiri tukawaokota kwenye majani yenye umande. Siku hizi wanategwa kwa taa kali na mabati, wanateleza hadi kwenye mapipa. Mapishi ni mafupi: toa mbawa na miguu, osha, weka kwenye sufuria bila mafuta, moto mdogo. Senene ana mafuta yake, yatajitoa yenyewe. Chumvi, kitunguu mwishoni. Anaiva akianza kulia kwenye sufuria kama kokoto ndogo. Kipimo cha mama: mkono ukizama kwenye ungo hadi kifundo, wanatosha familia.

Ila kazi ndiyo raha yenyewe. Kunyonyoa senene mtu hafanyi peke yake, mnakaa duara saa nzima, na maneno yote ya ukoo yanatoka hapo. Mimi habari za babu yangu mzaa baba sikuambiwa na mtu rasmi, nilizisikia nikinyonyoa senene.

#5 Mdau wa Ujerumani

Huku vuli ni nyingine kabisa, majani yanageuka rangi na kuanguka, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, ghafla saa kumi na moja jioni ni giza. Mwaka wangu wa kwanza nililia. Nilichookoa ni boga.

Oktoba masoko yamejaa maboga, na kuna aina moja ndogo ya rangi ya machungwa wanaiita Hokkaido, unailia na ganda lake, linalainika lote. Nafanya boga la nazi kama la shangazi yangu wa Bagamoyo: kilo moja ya boga vipande, maji kidogo, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, liive. Halafu kopo moja la tui la mililita 400, sukari vijiko vitatu vya chakula, iliki nne zilizopondwa. Moto mdogo hadi tui lishikane na boga. Shangazi alilitengeneza kwa futari. Mimi nalitengeneza giza likiingia, nazima taa kubwa, nawasha ndogo, nawaita Watanzania wenzangu wawili wanaoishi karibu.

Makande nayo napika, ila kwenye lile jiko la umeme la kupika polepole. Natia maharage mekundu asubuhi nikienda kazini, jioni nayakuta tayari. Kuna ubaya?

#6 Mpishi wa Shule

Mdau wa Ujerumani, ubaya upo, na naomba ulisome hili kwa makini. Maharage, hasa mekundu, yakiwa mabichi yana sumu ya asili inayoitwa lektini. Inaondoka kwa kuchemka kwa nguvu. Jiko la polepole mara nyingi halifiki joto hilo, na maharage yaliyopata joto kidogo yanaweza kukutapisha vibaya. Loweka usiku, mwaga maji ya kulowekea, chemsha kwenye sufuria ya kawaida yatokote angalau dakika 10, ndipo uyahamishie kwenye jiko lako. Bibi zetu waliopika kwa kuni na chungu kikitokota hawakuwa na tatizo hili.

#7 Mdau wa Ujerumani

Asante sana mkuu. Sikujua. Nilishaumwa tumbo mara mbili nikasingizia nyama. Kuanzia leo nachemsha kwanza.

#8 Mkunaji Nazi, Muscat

Asalaam aleikum. Bibi yangu alikuja huku Oman kutoka Unguja baada ya 1964, na katika vichache alivyobeba ilikuwamo mbuzi ya nazi, kama bibi yako wa Pangani alivyopanda nayo mlimani. Bado tunayo, mti umekuwa laini kwa kukaliwa.

Hapa neno la Kiarabu kharif ndiyo vuli ya majani kuanguka, lakini ukisema kharif kwa mtu wa Oman, anafikiria Salalah, kule kusini, ambako kati ya Juni na Septemba manyunyu yanashuka na milima inageuka kijani. Na huko Salalah minazi inaota! Jamaa wakienda kharif tunawaagiza nazi. Ukimwona mama yangu anavyoitikisa nazi sikioni kusikiliza maji, utadhani yupo sokoni Darajani, Unguja.

Sisi Muscat baridi yetu ni ya Novemba, joto likishavunjika mtu anaweza kukaa uani. Hapo ndipo mkate wa ufuta unapotoka. Unga vikombe vitatu, tui kikombe na nusu, yai, hamira, chumvi. Uwe laini wa kushikana na vidole, mtu hatii unga wa ziada kwa kuona unanata, anajipaka maji mkononi. Unautandaza kwenye chuma, unaunyunyiza ufuta, upande wa chini ukishika unakigeuza chuma chenyewe kielekee makaa, juu kuive kwa kuotea moto. Mama anajua umeiva kwa harufu ya ufuta, na hilo, mleta uzi, sijui utalipima kwa mizani gani.

#9 Mjukuu wa Amani (mleta uzi)

Waaleikum salaam. Nimesoma mara mbili. Harufu siwezi kuipima, lakini naweza kuandika "ufuta unapoanza kunukia kama karanga, hesabu kumi, toa". Ndivyo nilivyofanya kwa kitunguu cha bibi.

Mama Mahamri, hilo la nyiradi na dakika 15 limenifanya nikae kimya kidogo. Nahisi jibu la mkate wangu lipo karibu na hapo lakini sijalishika.

#10 Mstaafu wa Pangani

Mwanangu, nimekuwa nikisoma tu, lakini kwa mkate wa kumimina nina neno. Vipimo vyako ni sahihi kabisa. Marehemu mke wangu alikuwa akiuza, navijua.

Nikuulize. Umesema bibi alipika mkate usiku wa makande. Ulishawahi kumwona akiupika siku ambayo hakuna makande? Na wewe huko Arusha unaupika siku gani, na bakuli la mchele uliosagwa unaliweka wapi?

#11 Mjukuu wa Amani (mleta uzi)

Shikamoo mzee. Hapana, sijawahi kumwona. Mimi naupika Jumamosi. Bakuli naliweka juu ya meza, jikoni, dirisha wazi. Nusu saa, halafu oveni.

Ngoja nimpigie bibi.

#12 Mstaafu wa Pangani

Marahaba. Mpigie. Muulize bakuli lilikaa wapi, na muulize lilikaa muda gani. Usimuulize hamira.

#13 Mama Mahamri, Mombasa

Nangoja nami. Nimeacha sufuria.

#14 Mjukuu wa Amani (mleta uzi)

Nimeongea naye. Naandika maneno yake kabla sijayapoteza.

Nikamuuliza, bibi, ukishasaga mchele wa mkate ukachanganya, bakuli ulikuwa unaliweka wapi? Akasema, "Pembeni ya mafiga, si makande yapo motoni?" Kama vile nimemuuliza jua linatokea wapi. Mchele aliuloweka asubuhi, akausaga baada ya Magharibi, akaufunika kwa kitambaa na kuulaza pale kwenye jivu la vuguvugu. Moto ulikuwa wa makande, mkate ulikuwa unaota tu.

Nikamuuliza, muda gani? Akanyamaza, halafu akacheka. Akasema, "Hadithi mbili."

Wakuu, nilikuwepo. Nilikuwa kwenye ule mkeka. "Paukwa!" "Pakawa!" Hadithi ya kwanza siku zote ilikuwa ndefu, ya sungura au ya jini wa kisimani, halafu vitendawili ili walioanza kusinzia waamke. Nani asiyekijua "kuku wangu katagia mwibani"? Lakini bibi hakukubali nanasi mpaka umempa mji kwanza, na mji aliokuwa akiutaka ni Pangani. Kisha hadithi ya pili. Mwisho wa hadithi ya pili aliinuka kwenda kufunua kitambaa, sisi tukadhani anapumzisha sauti. Makande yakaepuliwa, tukala, na makaa yaleyale akayagawa, mengine chini ya sufuria ya mkate, mengine akayapalia juu ya kifuniko. Tulilala yeye bado yupo jikoni.

Nimekaa nikijaribu kuhesabu. Hadithi mbili na vitendawili katikati si chini ya saa moja na nusu. Mimi nilikuwa nikiupa nusu saa mezani, kwenye upepo wa Meru.

Na lingine alilolisema, la mwisho, baada ya kunisalimia watoto: hakuacha kupika mkate kwa sababu ya uzee. Aliacha tulipomletea jiko la gesi. Hakukuwa tena na mahali pa kulilaza bakuli, naye hakutaka kutuambia zawadi yetu ina kasoro.

#15 Mkunaji Nazi, Muscat

Subhanallah.

#16 Ndizi Mshare

Nimempigia mama hapa hapa. Namuuliza mtori ulikuwa unaiva muda gani. Anasema "hadi wa zamu anayefuata afike." Naanza upya kuandika.

#17 Mdau wa Ujerumani

Mleta uzi, sisi wa huku tusio na mafiga tufanyeje? Chumba changu Oktoba ni nyuzi 18.

#18 Mjukuu wa Amani (mleta uzi)

Naleta majibu, nimeujaribu jana.

Mchele niliuloweka asubuhi kabla ya kazi. Jioni nikapika makande kwanza, kwa kopo la gramu 700. Nikasaga mchele na tui hadi hakuna punje inayosikika kwa kidole, nikatia hamira, sukari na iliki, nikafunika. Bakuli nikalitia ndani ya beseni lenye maji ya vuguvugu, yale ya kumwogeshea mtoto mchanga, nikalisogeza karibu na jiko lenye makande. Maji yakipoa nilibadilisha, mara mbili. Mdau wa Ujerumani, wewe unaweza kuliweka ndani ya oveni iliyozimwa, na sufuria ya maji ya moto chini yake.

Kisha nikazima televisheni. Watoto watatu, mkeka sebuleni, mvua nje. Nikatoa hadithi ya kwanza. Nilikuwa nimesahau katikati, mkubwa akajazia, kumbe bibi alishamsimulia likizo. Vitendawili. Nikaomba mji, wakanipa Arusha, nikakataa, wakanipa Pangani. Hadithi ya pili.

Nilipofunua, uji wa mkate ulikuwa umepanda hadi ukingoni na uso wote umejaa matundu madogo. Nikaukunja na ute wa mayai, taratibu, nikaumimina kwenye sufuria iliyopakwa samli na kupashwa moto. Oveni nyuzi 180, dakika 40. Ukatoka umeinuka, kahawia juu, ukiubonyeza unarudi.

Haukupata ule moshi kidogo wa kuni. Mengine yote yalikuwepo.

Mdogo alipoona naufunga mlango wa oveni akauliza kama hadithi zimekwisha. Nikarudi mkekani, kwa sababu dakika 40 ni hadithi ya tatu.